Gati Lililopakwa Mafuta ya Papa

Kazi yangu ni kuuliza zege limebakiwa na umri gani, na sioni haya kusema naipenda kupita kiasi. Waya mmoja naufunga kwenye nondo, wa pili unaishia kwenye sponji yenye maji ninayoibandika juu ya zege, kisha nasoma mita. Namba zikishuka sana chini ya sifuri, kutu inakula ndani hata kama nje nguzo inapendeza. Nikilinganisha na vipimo vya miaka iliyopita, najua inakula kwa kasi gani.

Gati la kule Salale nililijua nguzo kwa nguzo. Mwaka ule agizo lilikuwa kali: nisipopata vipimo vya kuaminika, lifungwe. Mwenyeji wangu alikuwa na mimba kubwa. Mimba ya kwanza, kabla gati halijajengwa, uchungu ulimshika maji yamekupwa. Akabebwa mgongoni kuvuka tope kuifuata boti ya hospitali, aliyembeba akateleza, wakaanguka wote.

"Safari hii sibebwi," aliniambia asubuhi ile. "Napita kwa miguu yangu."

Nikateremka kwenye nguzo mbiombio. Sponji ikateleza. Mita ikarukaruka kama imepagawa. Nikanusa: mafuta ya papa! Wanakijiji waliposikia nakuja, walilipaka gati zima mafuta na chokaa, vile wanavyopaka mashua zao.

"Nani kawaambia hili ni jahazi?" nilifoka.

"Dada injinia, chombo kikija kukaguliwa si hupakwa kwanza?" mwenyekiti wa kijiji alijibu kwa upole, hadi nikacheka mwenyewe.

Lakini maji yangejaa tena, na nguzo zingezama. Nikachora kwa chaki sehemu za kusugua. Wake kwa waume wakaja na makumbi ya nazi, majivu na sabuni, wakasugua huku wakinitania, injinia gani huyu anaogopa shombo! Tukasuuza kwa maji ya mvua, maana ya mtoni huchanganyika na ya bahari, yana chumvi, yangenivurugia tena.

Nikapima. Nguzo ya kwanza salama. Ya pili salama! Nikaanza kutaja namba kwa sauti, nao wakawa wanapiga vigelegele kila namba, ingawa hakuna aliyejua ina maana gani. Kona moja tu, upande wa mkondo, kutu ilikuwa imeshaanza kazi. Nikapiga hesabu, nikairudia. Kona ile ifungwe na kukarabatiwa. Kwingine kote, zaidi ya miaka kumi.

Mwenyeji wangu alikuwa amesimama pale juu, kashika kiuno.

"Kwa hiyo napita?"

"Unapita, shoga yangu."

"Na miaka kumi juu?"

"Na zaidi."

Akamgeukia mumewe, aliyekuwa na majivu hadi viwikoni.

"Umesikia, mume wangu? Hapo tuna gati la watoto wengine watatu."