Pamba ya Kuoteshea Mbegu

Dada yangu anaotesha vijidudu, baba yetu anaotesha miche ya pilipili. Huo ndio ulikuwa utani wa nyumbani: baba akidai wote wawili ni wakulima, ila shamba la mwenzake linanuka. Dada ni mtaalamu wa maabara hospitalini. Anashinda kwenye chumba kisicho na dirisha, friji ikinguruma mgongoni, na akirudi jioni hana hata nguvu ya kubishana nami. Inabidi nibishane peke yangu.

Figo za baba zilipogoma, aliwekewa mrija kifuani wa kusafishia damu kwa mashine. Mishipa yake mingine ilikwisha kuziba, kwa hiyo uhai wake ulining'inia kwenye mrija ule. Mama, ambaye hamwamini mtu na mumewe, alijifunza kwa wauguzi kubadilisha bandeji nyumbani. Kazi hiyo aliifanya mlango umefungwa, sisi tukiwa tumefukuzwa kama kuku.

Kisha homa ikaanza. Kila akitoka kwenye mashine, baba alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Damu yake ilifika kwa dada, ikaotesha madoa ya njano kwenye kisahani. Pale maabara wana mazoea yao: kijidudu cha mimea kikiota kwenye damu, husema ni uchafu ulioingia wakati wa kuchoma sindano, wakakitupa. Dada naye akatupa, kwa sababu amechoka na mazoea hayamchoshi mtu. Safari ya pili yakaota yaleyale. Mashine ya kutambua vijidudu ikatoa jina moja asubuhi na jingine mchana. Daktari akamlaza baba wodini, akasema homa ikirudi itabidi aung'oe mrija, na hajui mwingine atauweka wapi.

Hapo dada akakipeleka kijidudu kwenye maabara kubwa, kikasomwe vinasaba vyake vyote, herufi kwa herufi, ijulikane ni nani na anauawa na dawa gani. Tukangoja. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwa kungoja kule, na kazi yangu ilikuwa kukaa tu. Jibu likaja: ni bakteria anayeishi kwenye mbegu na majani, nadra sana kuonekana katika damu ya mtu. Dawa ikabadilishwa, homa ikashuka.

Lakini bakteria huyo alikuwa ameingiaje mwilini mwa baba? Dada akaja nyumbani na vijiti vyake vya sampuli, akapangusa bomba, beseni, hata udongo wa miche. Baba huziotesha mbegu zake juu ya pamba iliyoloweshwa. Vidole vikiwa bado na maji ya mbegu, huchomoa pamba nyingine kutoka bunda kubwa la kabatini. Kwenye bunda hilohilo mama alikuwa akichomoa ya kufutia kidonda cha mrija. Dada akakata kipande cha bunda lile, akaenda nacho maabara.

Vinasaba viliposomwa, bakteria wa pamba na wa damu ya baba walikuwa wa tumbo moja, hapakuwa na la kubishania. Niliomba tumfiche mama jambo hilo. Dada akasema ng'o, mama asipojua atarudia. Akamkalisha kando ya kitanda cha baba pale wodini, akamweleza bila kumung'unya maneno. Nilimchukia kidogo siku ile, na bado sijamaliza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni pamba, mama."

"Pamba haina mikono, mwanangu."

Baba akamwambia kosa ni la vidole vyake yeye, asijitie unyonge, na akiruhusiwa kurudi nyumbani hataki bandeji yake iguswe na mtu mwingine ila mama. Dada naye akaahidi kuleta pamba safi, kila kipande kwenye pakiti yake, na kumwonyesha upya. Mama aliitikia kila kitu kwa kichwa.

Baadaye kidogo baba akaomba maji. Mama aliinuka upesi kama kawaida yake, akaenda kwenye sinki, akanawa kwa sabuni. Akanawa tena. Akajaza kikombe, akasimama nacho katikati ya chumba, kisha akamkabidhi dada ampelekee.