Nusu ya Ushuhuda Wangu

Juzi kina mama wa kanisani kwetu hapa Geita waliniomba nisimame niwaeleze siku niliyompa Yesu maisha yangu. Nikawaeleza kama ninavyoeleza siku zote: mkutano wa injili, kiwanja cha shule, machozi, furaha. Wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni na nguo zangu za ibada, hata chai sikuweza kuinjika, kwa sababu mimi husimulia nusu tu. Nusu nyingine ngoja nikueleze wewe.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu, nje kidogo ya Masumbwe. Baba alikuwa anachimba dhahabu Rwamgasa na mama akiwapikia wachimbaji kulekule, na wote wawili waliona machimboni si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Nikimkumbuka bibi, namkumbuka kwanza kwa viazi vitamu. Wakati wa kiangazi tulikaa uani tangu asubuhi, tunamenya, tunakata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba mpaka vikauke viwe michembe. Utomvu uliganda mikononi, maji hayautoi. Mbuzi wakisogea, kazi yangu kuwafukuza. Jioni michembe inachemka pamoja na karanga za kutwanga, na harufu ile, rafiki yangu, sijaikuta tena kwa mtu yeyote.

Kuni zilikuwa adimu, tukipikia mabua ya pamba na samadi kavu. Moshi wake ni mkali. Macho ya bibi yalikuwa mekundu mwaka mzima, kama ya bibi wengi wa upande ule, na kila mtu alijua ni moshi.

Karibu na ule mwamba palikuwa na kijumba cha nyasi kisichofika hata kiunoni kwangu. Kabla ya kupanda mtama bibi alipiga magoti pale, akaweka unga kidogo, akazungumza Kisukuma polepole. Alianza na Seba, ndiye Bwana, Mungu mwenyewe. Akishamsalimu Mungu ndipo anawataja wazazi wake, na babu yangu, na wengine nisiowajua, anawaambia kwamba mwaka huu tena tunapanda. Halafu anajipangusa magoti, tunaingia shambani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mkutano wa injili ulipokuja. Wiki nzima, kila alasiri, jenereta linanguruma kwenye kiwanja cha shule na kwaya ya mjini inaimba ikiwa na sare za bluu. Mhubiri alikuwa na sauti ya upole. Alisema Mungu hataki nusu ya mtu. Kabidhi vyote, usibakize hata kimoja. Siku ya nne nikajikuta natembea kwenda mbele. Sitaki udhani nilidanganywa. Kilichonipata siku ile kilikuwa cha kweli. Nililia mpaka kifua kikawa chepesi, na njia nzima ya kurudi nyumbani niliona kila kitu, hata punda wa watu, kama kimetoka kuoshwa. Nilipomweleza bibi alisema vizuri, Mungu ni mwema, akanipakulia chakula.

Shida ilianzia kwenye mafundisho ya waongofu wapya. Mchungaji alitutaka kila mmoja afikirie ni kitu gani nyumbani kwake hakijakabidhiwa. Watu wazima walileta hirizi, wengine waliapa kuacha pombe, mmoja alimrudishia ndugu yake shamba alilompora. Mimi nilikuwa na magauni mawili na madaftari ya shule. Niliona aibu kukosa cha kutoa. Ndipo nikanyoosha mkono, nikataja kile kijumba.

Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele, juu ya kiti ili nionekane. Nikasema bibi yangu anaongea na wafu. Kanisa zima likaguna. Nikasema anawapa unga, anawaita kwa majina. Habari ya Seba sikuitaja. Sikuisahau, ilikuwa mdomoni kabisa, ila niliona watu wanavyonitazama, nikajua nikiitaja watapoa. Benchi la tatu alikaa jirani yetu, mama aliyekuwa amezika watoto wawili ndani ya mwaka ule. Bibi ndiye aliyewapokea watoto wale walipozaliwa. Nilimwona akiinua uso taratibu, kama mtu aliyekuwa na swali na sasa amejibiwa.

Kesho yake mchungaji alikuja na vijana wa kanisa. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Mchungaji alimwamkia kwa heshima, akaeleza kilichowaleta. Bibi alinitazama mara moja tu. Kisha akawaambia kama ni kuchoma wachome, ila waangalie upepo, paa la jiko liko karibu. Wakachoma huku wakiimba. Nami niliimba.

Haikuishia hapo. Kisimani wanawake walianza kusogeza ndoo zao bibi akifika. Mjamzito aliyekuwa amemwomba amsaidie alimwita mkunga mwingine. Jirani aliacha kutusalimia, na watoto wenzangu wakaniuliza kwa nini macho ya bibi ni mekundu. Ni macho yaleyale, moshi uleule. Asubuhi moja tukakuta karatasi imechomekwa mlangoni. Bibi hakujua kusoma, akanipa mimi. Nikamsomea yote: mchawi ahame kabla ya mvua.

Mtu wa upande wetu hahitaji kuelezwa kinachowapata vikongwe wanaodharau karatasi kama ile. Nilikimbia kwa mchungaji, nikamwomba awatangazie watu kwamba bibi si mchawi, kwamba mimi ndiye niliyesema vibaya. Alisikitika, na naamini alisikitika kweli. Alisema kutangaza jambo hilo kungeligawa kanisa, tumwombee tu. Tukaomba pale pale ofisini kwake, nikarudi nyumbani.

Mjomba alikuja kutoka Shinyanga akamchukua, wakaenda kuishi kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga Ngokolo. Mimi mama alinipeleka Rwamgasa. Siku ya kuondoka bibi aliwapa maji mbuzi ambao tayari walikuwa wa mtu mwingine.

Nilikwenda kumwona nilipokuwa kidato cha pili. Nilimkuta kwenye kigoda, katika ua wa sementi wa wapangaji sita. Alikuwa ameotesha mtama kwenye ndoo iliyopasuka, mwenye nyumba akamwambia auondoe. Aliniuliza habari za masomo, akanilisha wali. Nikapiga magoti.

"Bibi, nisamehe."

Alivuta ungo, akaanza kuchambua mchele wa jioni.

"Ulikuwa unampa Mungu, mama, najua," akasema. "Lakini ulimpa kilichokuwa changu."

Nikamwambia nilikuwa mtoto.

"Ndiyo, ulikuwa mtoto. Sasa umekua. Ukitaka kumpa tena, mpe cha kwako."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema amekataa. Aliniambia ninyanyuke, sakafu ni ya baridi.

Alifariki mwaka uliofuata. Mama alitaka tumrudishe Masumbwe alale kando ya babu. Wazee wa kijiji walijibu kwa adabu kwamba watu bado hawajatulia, ni heri apumzike huko huko aliko. Tukamzika mjini Shinyanga, kwenye makaburi ambako hatukuwa na ndugu hata mmoja.

Ningali naomba. Sijamwacha Mungu, na sidhani kama Yeye ameniacha, ingawa zipo siku sina hakika. Kule Masumbwe nyumba ya bibi haipo tena. Mwamba umepasuliwa kokoto za ujenzi, na shamba la mtama limekatwa viwanja. Mchungaji alihamishwa zamani. Jirani aliwahi kunikumbatia kwenye mkutano mmoja, akaniita mwanangu katika Bwana, nami nikaitika.

Mwaka jana nilikwenda makaburini nikiwa na jembe, nipalilie. Msalaba wa mbao ambao mjomba aliupigilia umeliwa na mchwa, na makaburi mapya yamebanana mpaka njia hazipo. Nilizunguka saa nzima nikisoma majina ya watu wengine. Mwishoni nilichagua tuta moja lisilo na jina, ambalo huenda ni lake na huenda si lake, nikalipalilia lote.