Gari Lililopiga Magoti Kiganjo

Mimi ni mwanamke wa kupenda magari makubwa, na sioni haya kusema. Wenzangu wakisimama kutazama viatu dirishani, mimi husimama kutazama matairi. Kwa hiyo nilipomwambia mume wangu kwamba nimepata gari la kifahari la dizeli, la miaka mingi lakini bado linang'aa, hakuuliza nimelitoa wapi. Aliuliza tu, "Na hiyo nayo itakuwa inakula nini?"

Safari hii nilikuwa na sababu. Mama yangu anaishi peke yake Kiganjo, Thika, na goti lake la kulia lilikuwa limekataa kukunjika. Kigari changu kiko chini mno. Mara ya mwisho tulipojaribu kumwingiza alilia kwa uchungu, kisha akacheka upesi ili nisione kwamba amelia. Bodaboda hakutaka hata kuisikia. Basi akaacha kwenda kanisani, yeye ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za akina mama. Jumapili akawa anashinda na redio, na kila nikimuuliza ananiambia yuko sawa. Hakuwa sawa. Hata sauti yake ilikuwa imeanza kufifia, na hilo lilinitisha kuliko goti lenyewe.

Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu wa Kahawa Sukari. Watoto wake walikuwa wameshahama wote, akachoka kwenda kununua maziwa na gari la watu saba. Nilifunga duka langu la chakula cha mifugo pale Ruiru mapema, nikaenda kuliona. Viti vya ngozi, dashibodi ya mbao, na dizeli inayonguruma chini chini kwa adabu. Lakini kilichoniteka ni kitufe kimoja. Gari lile halikuwa na springi za chuma; lilibebwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Ukibonyeza kitufe, hewa inatoka na gari linashuka polepole mpaka kiti kinakuwa usawa wa nyonga. Unakaa kwanza, miguu inafuata baadaye.

"Hapa linapiga magoti," mzee akasema kwa fahari.

Nilisimama uani mwake nikamwona mama yangu akikaa kwenye kiti kile. Nilimwona kabisa, na kitambaa chake cha kichwa.

Mume wangu hakuona chochote. "Dizeli yenyewe haina neno," akasema jioni hiyo kwetu Theta, akikamua ng'ombe. "Lakini hiyo mipira ya hewa ikizeeka, utakuwa unafuga gari. Na hapa tuna ng'ombe wawili wanaojua kupiga magoti, na hakuna siku tumewapeleka kanisani."

Nikamkumbusha barabara yetu inavyokuwa mvua ikinyesha.

"Mkokoteni hupita," akajibu.

Nilinuna, nikamaliza kununa, nikampigia simu mwenye gari. Nilitaka kulijaribu Jumapili, nimpeleke mama kanisani nalo, halafu niamue. Mzee akakubali kwa sharti moja. "Mama, gari siwezi kukuachia. Lakini nitakuja nayo, nikae tu huko nyuma."

Alikuja na suti na tai, akakaa nyuma kama mgeni wa heshima, nami nikashika usukani. Tulipita Ruiru, tukapita Juja, na nakiri kwamba nilipunguza mwendo mbele ya duka langu ili majirani wanione. Nilikuwa na raha ya mtoto aliyevalishwa nguo za Krismasi.

Mama alikuwa mlangoni na fimbo yake, amevaa tayari. Nikabonyeza kitufe. Gari likashuka. Mama akageuza mgongo, akakaa, akavuta mguu mmoja na kuusaidia wa pili kwa mikono, na ikawa imekwisha.

"Ngai! Mungu wangu!" akasema. "Mami, hata sijaumia." Ananiita Mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nikazunguka gari nikajifanya natazama gurudumu, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Nilikuwa nimemwambia wazi kwamba tunalijaribu tu. Lakini kwa mama yangu, kitu kikifika mlangoni na kukubeba, ni chako. Wakati wa matangazo aliinuka kanisani, akashukuru Mungu kwa kurudi kwake, kisha akatangaza kwamba binti yake amenunua gari. Watu wakapiga makofi. Nikatafuta pa kujificha, nikakosa.

Sasa kwetu gari jipya halianzi kazi kabla halijaombewa. Ibada ilipoisha kanisa zima likatoka nje, likalizunguka gari lililokuwa bado limeshuka tangu nilipomteremsha mama, na mikono ikajaa juu ya boneti.

"Mwenye gari asogee mbele," pasta akasema.

Yule mzee akapiga hatua moja, akakumbuka hali ilivyo, akasimama. Mama akanisukuma mimi. Pasta akayaombea matairi, akaiombea breki, akauombea mkono wa dereva, kisha akamsihi Mungu gari hili lisije likauzwa kwa mtu mwingine. Nyuma yangu mzee akakohoa sana.

Kufikia amina nilikuwa nimeshanunua. Ningelirudisha vipi gari lililoombewa na kanisa zima? Tena mama alikuwa amesimama wima, akicheka na wenzake, sauti yake imerudi yote. Nikamwingiza, nikawasha injini, nikabonyeza kitufe.

Sehemu ya nyuma ikainuka. Ya mbele ikabaki chini. Nikabonyeza tena. Kitu kikakoroma chini ya boneti, kikanyamaza.

"Haijawahi kufanya hivi," mzee akasema.

"Labda bado inaomba," pasta akasema, na uwanja mzima ukacheka. Mama ndiye aliyecheka zaidi, huko ndani alikokuwa ameinama kuelekea kioo.

Ilibidi niseme ukweli. Gari si letu, nikawaambia, tulikuwa tunalijaribu tu, na mwenyewe ni huyu hapa.

Mama akamtazama mzee. "Kumbe tumekuombea wewe!"

"Nashukuru, mama," mzee akajibu. "Inaonekana nilikuwa nahitaji."

Likabaki swali la jinsi mama atakavyorudi nyumbani. Rafiki yake mmoja, anayeuza mboga sokoni, akatoka hadi barabarani akarudi na tuktuk, ile ile inayomletea kabeji zake. Mama akaitazama. Akakaa ukingoni mwa kiti, akajivuta ndani, akaunyoosha mguu mbovu juu ya kiti chote kile kirefu.

"Kwa nini hamkuniambia kuna hizi?" akauliza.

Kila siku napakia magunia ya chakula cha kuku kwenye tuktuk mbele ya duka langu, na sijawahi kufikiria kumpakia mama. Rafiki yake akabanana na dereva mbele, na wakaondoka wakiimba. Mama ndiye aliyeanzisha.

Mzee na mimi tulibaki kulinda gari hadi lilipokuja la kulivuta. Alininunulia chai na chapati, akaniuliza kama bado nalitaka. Nikamwambia hapana, na kusema kweli iliniuma. Nililipenda gari lile. Nilipenda zaidi kuwa mimi ndiye ninayemchukua mama yangu.

Jumapili iliyofuata niliamka mapema, nikavaa, nikampigia simu. "Mum, jitayarishe, nakuja sasa hivi tuitafute tuktuk pamoja."

Nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake na ngoma ikipigwapigwa kujaribiwa.

"Usije, Mami," akasema. "Tumeshafika."