Kilio cha Mama Victorine

Kanyere hakuja Masisi kutunza nyimbo. Alikuja na mumewe kuuza vitenge na sabuni, kama ndugu zake wote wa Butembo, na duka lilipoporwa mara ya pili akasema basi, imetosha. Akaingia kazi kwenye kituo kidogo kilichorekodi nyimbo za watu waliokimbia vijiji vyao na kujazana kambini Lushebere. Ndugu zake walimcheka: sauti za wazee atamuuzia nani? Aliwaacha wacheke.

Programu ya kuorodhesha nyimbo ilikuwa na kitu alichokipenda: maelezo ya pamoja. Unayaandika mara moja, unayaunganisha na nyimbo zote za mkusanyo mmoja, na ukiyagusa popote yanabadilika kote. Kwa maombolezo ya kijiji cha Karuba aliandika kwamba kila wimbo usikilizwe mbele ya mwenye wimbo tu, na maneno hayo yakiwepo, viungo vya kusikilizia sauti mtandaoni havifunguki. Ndiyo ahadi aliyompa Mama Victorine, aliyemkatalia mwaka mzima kabla ya kukubali kumlilia binti yake Carmel mbele ya kinasa sauti.

Sasa mzee mmoja wa mkusanyo huo, Papa Théophile, akasema wimbo wake usikilizwe na kila mtu. Edmond, mkuu wa kituo, mtu wa haraka zisizo na maana, akafungua wimbo wa Théophile, akafuta yale maneno, akaenda zake kunywa chai. Hakuuliza mtu. Viungo vya mkusanyo mzima vikafunguka, yeyote akaweza kupakua sauti kwenye simu yake.

Jumapili kilio cha Mama Victorine kilisikika kwenye spika ya duka la kuchaji simu, kimetiwa mdundo, vijana wanakata viuno.

Mama Victorine alifika kituoni kesho yake. Alipewa kiti, akakataa.

"Kanyere, tulipatana nini?"

"Mama, unisamehe. Tunafunga tena, sasa hivi."

"Batu banacheza na kufa ya mutoto yangu. Futa."

Edmond akajitia kati. "Mama, iko erreur kidogo tu, kosa. Paramètre moja, mupangilio ya programu."

"Kidogo?" Kanyere alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Mutoto wa muntu ndiyo paramètre yako?"

Alitamani kumtupa mlimani, yeye na chai yake. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakubaki mwingine wa Karuba aliyekijua kilio kile cha akina mama; wenzake Victorine walikwisha kufa. Edmond naye alilijua hilo. Akamvuta Kanyere pembeni, akanong'ona:

"Tufiche tu, Mama Kanyere. Tumuambie tumefuta. Hatajua."

Na lo, wazo hilo lilikuwa limekwisha kumpitia Kanyere mwenyewe! Hapo hasira yake ikamgeukia yeye. Alirudi mezani, akageuza skrini ili Mama Victorine aone, akafuta sauti, kisha akachomeka diski ya akiba na kufuta nakala yake pia.

"Iko ingine?"

"Hapa haiko, Mama. Mu simu za batu siwezi kufika."

Mama Victorine alijifunga kitenge, akatoka bila kuaga. Wimbo wake ulikuwa umefutwa mahali pekee ulipotunzwa. Huko dukani uliendelea kupigwa, na mdundo wake.