Mbuzi wa Soko la Uongo

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilirudi Kisii kutoka chuo kikuu nikiwa na digrii na dharau, na kazi ya kwanza niliyopata ilihitaji zaidi hiyo ya pili. Kituo kimoja cha kufunza maafisa wa kilimo kilikuwa kimejenga soko la uongo kwenye uwanja wake wa mpira: vibanda vya miti, mapaa ya majani ya migomba, mizani mbovu, benchi la fundi viatu. Siku ya mtihani, wanafunzi waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya afisa mgeni aliyekuja kuwashawishi watu walime vizuri pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Aliyefaulu aliajiriwa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta watu wa kujaza soko hilo na kuwafundisha la kufanya.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa Nairobi aliyevaa tai hata akienda kukagua samadi.

"Hao ni watu wa nyuma tu, kama kwenye sinema," aliniambia. "Wakae vibandani. Mwanafunzi akimfikia mmoja, huyo aseme neno lake, kisha anyamaze."

"Neno gani?"

"'Hatukujua, bwana. Asante kwa kutufunza.'"

"Wote?"

"Kwani unataka waseme nini? Mashairi?"

Mimi nimekulia nyuma ya soko la Masimba, mama yangu akiuza ndizi, na sijawahi kuona mtu aliyesimama pale akimsubiri afisa. Mtu wa soko ana alikotoka na ana anakotaka kufika kabla ya mvua. Wewe uliyesimama katikati unamzuia njia. Kwa hiyo nilimpa kila mtu haja isiyomhusu afisa hata kidogo. Fundi viatu alikuwa na kiatu kimoja mkononi na hasira kwa mwenye cha pili. Mama mmoja Msabato nilimwambia auze kama ni Ijumaa na jua linakaribia kuzama, Sabato ije imfungie biashara. Mzee mmoja, mkulima wa Kenyenya, nilimwambia amepoteza mbuzi.

"Wa rangi gani?" akauliza.

"Chagua mwenyewe, mzee."

Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyoona mkuu wa kituo akifikiri jambo lolote. "Mweusi. Sikio moja limekatika."

Mtihani ukaanza. Mwanafunzi wa kwanza alipanda juu ya kreti ya soda. "Hamjambo wananchi!" Mama Msabato akamtazama kutoka chini. "Nunua ndizi au sogea, unawazuia wateja." Mzee akamuuliza kuhusu mbuzi. "Mzee, pareto kwanza, mbuzi baadaye," akajibiwa. Wa pili alifanya vivyo hivyo, na wa tatu, kila mmoja akiongea kama redio iliyosahauliwa dirishani. Mkuu wa kituo aliziitikia hotuba hizo kwa kichwa, akifurahi, kisha akaninong'oneza kwa ukali, "Watu wako hawasikii!"

Wa mwisho alikuwa kijana kutoka ziwani, jirani yangu kule Nyanchwa nilikopanga chumba. Alikuwa ameshindwa mtihani huo mwaka uliotangulia, na hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya tatu. Hata yeye nilimdharau kidogo: aliamini kila alichoambiwa.

"Bwakire buya," akawaamkia akina mama kwa Kikisii, akiyavunja maneno vipande vipande.

"Wee! Hicho Kikisii umekiokota wapi?" Wakaangua kicheko.

Mzee akamuuliza kuhusu mbuzi. Kijana akauliza alipotelea wapi. Kisha, jamani, akaanza kumtafuta. Akainama chini ya vibanda, akaenda nyuma ya vyoo vya kituo, mzee akimfuata. Akina mama wakaacha bidhaa zao ili wapate kucheka vizuri.

"Amepita huku, bwana, na sikio lake moja!"

"Ameenda kubatizwa!"

Mkuu wa kituo alikuwa akitazama saa. Mimi nilifumba macho.

Hatimaye wawili hao wakaketi kwenye benchi la fundi, wamechoka kweli.

"Huyu mbuzi huingia shambani?" kijana akauliza.

"Huingia. Hukanyaga pareto yangu."

"Na maua yake unayakausha wapi?"

"Juu ya paa la jikoni. Lakini mvua hizi, yanaoza. Yanakuwa meusi kama yeye." Mzee akamgeukia. "Mnayakaushaje kukiwa na mvua?"

Hilo sikumfundisha. Kijana akaokota vijiti, akaanza kumwonyesha jinsi ya kupanga trei juu ya moto mdogo. Mama Msabato akasogea. "Hata yangu yanaoza." Ndizi zake zikabaki peke yazo. Filimbi ya kumaliza mtihani ikapigwa na hakuna aliyeinuka.

"Umeshindwa," mkuu wa kituo akatangaza. "Hukutoa hotuba. Umemtafuta mbuzi asiyekuwepo."

"Niliambiwa amepotea, bwana."

Nikamwambia mkuu kwamba huyo ndiye pekee aliyeulizwa swali kuhusu pareto siku nzima.

"Watu wa nyuma hawaulizi maswali," akanijibu, na kazi yangu ikaishia hapo.

Wenye hotuba waliajiriwa wote. Mmoja nilimwona baadaye katika soko la kweli, juu ya kreti, mdomo wazi, watu wakimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Siku ya pili yake nilimsindikiza kijana hadi stendi. Mzee wa Kenyenya alikuwa pale akisubiri gari la kwao.

"Kijana! Umemwona?"

"Bado, mzee. Nikimwona nitakuletea mwenyewe."

"Mlete. Na uje tutengeneze zile trei. Maua yangu yapo juu ya paa sasa hivi."

Kijana akatazama mawingu. Kondakta wa gari la ziwani alikuwa akimwita, na nikamwambia kwamba huko Kenyenya hakuna mshahara, asiwe mjinga.

"Najua," akasema, akashusha sanduku lake kutoka juu ya gari, na akamuuliza mzee kama njia ina matope.