Dhahabu Kwenda, Miungu Kurudi

Katika ghala la Anderlecht, ughaibuni, hazisikiki tena simulizi za mfungaji mizigo, na Rolande, mwenye ghala, hajauzoea ukimya huo. Mzee huyo hakuwa mtu wa kutulia. Kila katoni ya kwenda kwao Bukavu aliifunga, akaipapasa, akaifungua, akaifunga upya, huku akisimulia habari za Kushi, koloni la kale la Misri: liliuza dhahabu, likapokea miungu na maandishi, mwishowe likaja kuitawala Misri yenyewe.

“Bon, tonton,” Rolande alimtania 'mjomba' huyo siku moja, “Kushi walirudi wafalme. Weye unarudisha mafriji tu.”

Mfungaji akakubali, akiipapasa katoni.

“Njo vile, maman. Bintu byote binaenda, miye nabakia.”

Sasa mfungaji naye amerudi Bukavu, yuko sokoni Kadutu, anafungua katoni ambazo Rolande huzifunga, huzipapasa, huzifungua, huzifunga upya.