Kolera Ilimupita Maman Colombe Mulangoni

Mwaka kolera ilifika Bukavu, kwenye avenyu yetu ya Kadutu kila nyumba ililaza mutu. Ya Maman Colombe tu hapana. Alikuwa anauzisha kasiksi, pombe ya ndizi, na afya yake ilikuwa ya kutia haya: akikohoa Kadutu, kuku za Bagira, komini ya jirani, zinaamuka. Sisi tulitapika mpaka majina ya ubatizo ikatutoka. Yeye anakula sombe, majani ya muhogo, na kuomba nyongeza.

Macho ikaanza kumufuata. Papa Bulonza, aliyetoka kumuzika muke wake, akasema mbele ya wote:

"Mutu habakii muzima peke yake bure. Anajua kitu. Tutachoma ile nyumba."

Kasiksi yake ikachacha, hakuna munywaji. Watu wakimusalimia, wanaficha mukono mugongoni.

Basi akaamua kuugua. Akajifunga kitambaa kichwani, akaanguka mulangoni, "Maman wee, tumbo." Wakamupeleka kwenye mahema ya wagonjwa. Kule infirmier Gaston, muuguzi, akamuona anamaliza sahani mbili za wali wa Luberizi.

"Maman, wewe hauko mugonjwa."

"Niko mugonjwa, mutoto wangu. Ni vile ninavumilia."

"Basi nipe choo kidogo ndani ya hii chupa."

Alisita. Choo ya mutu, nani anajua inaenda kwa mulozi gani? Lakini kurudi muzima ni kurudi kwa Bulonza. Akatoa.

Jibu likaja: kolera imo, imekaa kimya tumboni kama mukwe ugenini.

"Haikuumizi," Gaston akasema, "lakini unaigawa. Na wewe uliipata kwa muzima mwingine, labda. Meza vidonge. Kesho napima wazima wote wa kwenu, na atakayekuwa nayo atalala hapa hemani."

Habari ilifika kwetu mbele ya Gaston. Asubuhi hakukuta muzima hata mumoja: nani alitaka kuitwa muzima anayeigawa? Wote tumelala, tunalia tumbo, Bulonza akilia kupita wote, na maharagi inachemuka kwenye kila jiko. Hata mbuzi wangu alilala chali, na sikumufundisha.

Gaston alitutazama, akatazama chupa zake za kupimia, chache.

"Kama wote muko wagonjwa, wote mutameza."

Tukameza vidonge, chungu kama nyongo.

Jioni Maman Colombe, vidonge vyake vimeisha, akarudi, akapita mbele ya Bulonza polepole. Mutu aliyejigaragaza mbele ya avenyu nzima atamushitaki nani?

Ila aliyeleta kolera wa kwanza hatukumujua. Mimi nilimufikiria Bulonza mwenyewe. Yeye, naona, alinifikiria mimi.